Usingizi, Giza na Saa ya Mwili: Maelezo kwa Wanaokesha na Wanaokosa Usingizi

Ukisimama kando ya barabara kuu hapa Isiolo mjini saa tisa usiku, utaona kwamba mji haujalala. Malori yanayotoka Moyale na Marsabit yameegeshwa na madereva wameshuka kunywa chai. Wanabodaboda wawili watatu wanasubiri abiria. Bawabu anazunguka mbele ya maduka. Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kaunti, muuguzi anapima dawa ya mtoto chini ya taa nyeupe. Na huko Kulamawe au Cherab, mtu ameketi mlangoni mwa boma na tochi yake, akiwasikiliza ngamia.

Hawa wote wako kazini katika saa ambazo miili yao inawasihi walale kuliko saa nyingine zozote. Si uvivu. Kuanzia saa nane usiku hadi karibu saa kumi na mbili alfajiri, joto la mwili hushuka, fikra huwa nzito na mkono huchelewa kufuata jicho. Makala haya yanaeleza sababu yake, na yanajibu swali ambalo wengi huliuliza dukani kabla ya kuliuliza hospitalini: je, kidonge cha melatonini kitanisaidia?

Saa iliyo kichwani

Melatonini ni homoni inayotengenezwa na mwili wenyewe. Hutoka katika tezi ndogo iitwayo pineali, iliyo katikati ya ubongo na yenye ukubwa wa punje ya mchele hivi. Aliyeitenga mara ya kwanza ni Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, mwaka wa 1958. Lerner hakuwa akitafuta habari za usingizi. Alikuwa akichunguza vitu vinavyobadilisha rangi ya ngozi.

Tezi hiyo haijiamulii mambo. Hupokea amri kutoka kwa saa kuu ya mwili, kifundo kidogo cha seli ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapokutana. Saa hiyo hutembea yenyewe hata mtu akifungiwa gizani. Mwaka wa 1962, Mfaransa Michel Siffre aliishi ndani ya pango kwa takriban miezi miwili bila saa na bila kuona jua. Alipoambiwa kwamba muda umekwisha, ilikuwa tarehe 14 Septemba, lakini kwa hesabu yake ilikuwa tarehe 20 Agosti tu. Mwili wake uliendelea kulala na kuamka kwa utaratibu wake, ila ulikuwa umeachana na siku za watu wengine.

Kwa watu wengi, mzunguko wa saa hii ya ndani unazidi saa 24 kwa dakika chache. Isiporekebishwa kila siku, huchelewa kidogo kidogo, kama saa ya ukutani ambayo betri yake inaisha. Kinachoirekebisha ni mwanga. Ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga, hasa ule wa rangi ya samawati kama wa anga ya asubuhi, kisha kupeleka habari hiyo kwenye saa kuu. Mwanga wa asubuhi huirudisha saa mahali pake. Giza la jioni huiruhusu pineali kuanza kumwaga melatonini katika damu, takriban saa mbili kabla ya wakati ambao umezoea kulala. Kiwango hupanda, hufika kileleni kati ya saa nane na saa kumi usiku, kisha hushuka kunapokaribia kupambazuka. Mchana huwa kidogo mno.

Hapa pana jambo linalopotoshwa sana. Melatonini haimwangushi mtu usingizini. Ni tangazo tu. Huviarifu viungo vya mwili kwamba usiku umeingia, kama adhana inavyotangaza wakati bila kumshika mtu mkono na kumpeleka msikitini. Na viungo hivyo, kama vile ini, figo na moyo, vina saa ndogo zake ambazo hupaswa kwenda pamoja na ile kuu. Wamarekani watatu waliochunguza saa hizo kwa kutumia nzi wadogo wa matunda, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 2017 kwa kazi hiyo.

Bahati ya kuishi karibu na ikweta

Mji wa Isiolo uko takriban kilomita 40 kaskazini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba mchana wetu hauongezeki wala kupungua kwa zaidi ya dakika chache mwaka mzima. Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi, mwezi wa Novemba, na saa kumi na mbili na dakika arobaini, mwezi wa Februari. Ndugu zetu walioenda kuishi kaskazini mwa Norway, katika mji kama Tromsø, hawalioni jua kabisa kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Huko watu hununua taa maalumu za kuwaangaza asubuhi ili saa za miili yao zisipotee. Sisi taa hiyo tunayo bure. Mwanga wa nje siku ya jua kali hufika laksi 100,000, laksi ikiwa ni kipimo cha mwanga. Ndani ya ofisi au chumba chenye balbu nzuri, ni mia chache tu.

Ukitazama, hata Kiswahili chetu kinahesabu saa kwa jua. Saa moja ya asubuhi ni saa moja tangu siku ianze kupambazuka, ilhali wenzetu huanza kuhesabu usiku wa manane. Kwa jambo hili mwili uko upande wa Kiswahili.

Wafugaji watapenda kujua kwamba wanyama pia wana melatonini. Kondoo wa Ulaya huitumia kujua majira: usiku unaporefuka, homoni huongezeka na majike huanza kutaka dume. Wafugaji wa huko hata huwapachika kondoo dawa ya melatonini ili wazae mapema. Kwetu usiku haurefuki, kwa hivyo mifugo hufuata zaidi mvua na majani kuliko urefu wa usiku. Kuna pia wanaouliza kuhusu maziwa yanayokamuliwa usiku. Ni kweli kwamba maziwa ya ng'ombe aliyekamuliwa gizani yana melatonini zaidi kuliko ya mchana, lakini bado ni kiasi kidogo mno. Kunywa maziwa yako kwa sababu ni mazuri, usiyategemee kama dawa.

Taa, simu na nyumba ya mabati

Kama jua tunalo la kutosha, shida inatoka wapi? Kwa sehemu kubwa inatoka jioni. Umeme na paneli za sola zimefika mahali ambapo miaka michache iliyopita palikuwa na koroboi peke yake, na hilo ni jambo jema ambalo hakuna anayetaka lirudi nyuma. Lakini balbu nyeupe iliyo juu ya kichwa hadi saa sita usiku, pamoja na simu iliyo karibu na uso, huambia jicho kwamba bado ni mchana. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba mwanga wa laksi 25 tu, yaani mwanga hafifu wa sebuleni, ulitosha kupunguza melatonini kwa nusu kwa mtu wa wastani. Ulionyesha pia kwamba watu hutofautiana mno: kuna anayeathiriwa na mwanga mdogo sana, na kuna anayehitaji mwanga mara 50 ya huo. Ndiyo maana mume anaweza kutazama mpira hadi usiku wa manane kisha akalala papo hapo, na mke aliyekuwa chumba hicho hicho akabaki akigeuka kitandani.

Si lazima kukaa gizani. Zima balbu kubwa saa moja au mbili kabla ya kulala na utumie taa ndogo ya rangi ya manjano, iwekwe chini na si darini. Simu ipunguzwe mwanga, na afadhali ilale mbali na kitanda. Kwa maoni yangu shida ya simu si mwanga peke yake. Ni ile video moja inayozaa nyingine kumi.

Joto nalo lina sehemu yake. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili linapaswa kushuka kidogo, na nyumba ya mabati ya Bula Pesa au Kiwanjani huwa bado inarudisha joto la mchana saa nne usiku. Fungua madirisha mapema jioni jua linapotua, oga maji ya uvuguvugu, na kama mnalala nje hakikisheni chandarua kimefungwa vizuri.

Wazee, vijana na zamu ya boma

Kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania wanaishi Wahadza, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa matunda na asali. Watafiti waliwavisha Wahadza wazima 33 vifaa vya mkononi vya kupima usingizi kwa siku 20, wakachapisha matokeo mwaka wa 2017. Katika siku zote hizo, muda ambao watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Wakati wowote wa usiku palikuwa na mtu macho. Hawakuwa wamepanga zamu. Vijana walichelewa kulala, wazee waliamka mapema, na wengine walishtuka katikati ya usiku kisha wakalala tena.

Kwetu habari hii ina faida mbili. Ya kwanza ni kumwondolea hofu bibi au babu anayeamka saa tisa usiku na kushindwa kulala tena. Saa ya mwili husogea mapema kadiri umri unavyoongezeka, na kiwango cha melatonini hupungua. Si uchawi, na mara nyingi si ugonjwa. Kinachoweza kumsaidia ni kutoka nje asubuhi. Wazee wengi wetu hushinda ndani au chini ya kivuli, na wenye mtoto wa jicho huingiwa na mwanga mdogo zaidi, hasa ule wa samawati ambao saa ya mwili inauhitaji. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, nao hurudisha uwezo wa kuona na pia mwanga huo.

Faida ya pili ni kwa wanaolinda mifugo na vijiji. Badala ya kumkesha kijana mmoja usiku kucha, au kuwapa watu zamu bila kuangalia umri, vijana wapewe nusu ya kwanza ya usiku na wenye umri mkubwa wapewe alfajiri. Kijana wa miaka 19 ni macho makavu saa sita usiku lakini saa kumi huwa hafai. Mzee ni kinyume chake. Mahali ambapo wizi wa mifugo hutokea alfajiri, hilo si jambo dogo.

Barabarani

Mwaka wa 1997 watafiti wa Australia walilinganisha watu walionyimwa usingizi na watu waliokunywa pombe. Aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo alifanya makosa kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi hukataza dereva kukizidi. Baada ya saa 24, alikuwa kama aliyezidisha mara mbili. Hesabu mwenyewe: dereva aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi hufikisha saa 17 saa tano usiku. Akiwa bado anaendesha saa tisa, saa zile ambazo mwili uko chini kabisa, uchovu wa kukesha na wa saa ya mwili humkuta kwa pamoja.

Barabara yetu ya lami hadi Moyale imeleta biashara, lakini ni ndefu, imenyooka na ina magari machache usiku. Kwa dereva aliyechoka hakuna barabara ya hatari kama hiyo. Macho hubaki wazi ilhali ubongo umelala kwa sekunde nne au tano. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, sekunde tano ni zaidi ya mita 100, na hapo hapo pana ngamia anayevuka.

Sheria ya Trafiki ya Kenya inasema dereva wa gari la abiria au la kibiashara asiendeshe kwa zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Mwenye gari anayemtuma dereva mmoja safari ya kwenda na kurudi bila kupumzika anavunja sheria, na anacheza na mali yake mwenyewe.

Kuhusu miraa, tuseme ukweli bila kumtukana mtu, kwa kuwa familia nyingi hapa na kwa majirani zetu wa Nyambene zinaitegemea. Miraa na muguka zina kathinoni, kichocheo kinachozuia hisia ya usingizi. Hazilipi deni la usingizi. Dereva aliye kwenye handasi hujiona mkali kuliko alivyo, kisha kichocheo kinapoisha, deni lote humwangukia kwa mara moja, mara nyingi akiwa bado usukani. Akifika nyumbani hawezi kulala, kwa hivyo anatafuta pombe au kidonge, na kesho anaanza tena. Kahawa na buna ni afadhali, lakini nusu ya kafeini bado huwa mwilini baada ya takriban saa tano. Buna ya saa mbili usiku bado inakufanyia kazi usiku wa manane.

Kinachosaidia kweli ni kulala kidogo. Dereva anayesinzia na aegeshe mahali salama palipo na watu, anywe kikombe cha kahawa, kisha alale dakika 20. Kahawa huanza kufanya kazi wakati anaamka. Kufungua dirisha, kupandisha redio au kujimwagia maji usoni hakuongezi zaidi ya dakika chache.

Kwa wanaofanya zamu ya usiku

Mwaka wa 2007, na tena 2019, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliweka kazi ya usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani kwa binadamu. Neno ni huenda. Hakuna anayesema kwamba kila muuguzi wa usiku atapata saratani, wala kwamba hospitali zifungwe usiku. Lakini pamoja na ushahidi unaohusisha zamu za usiku na kisukari na maradhi ya moyo, ni sababu ya kutosha ya kuzipanga kwa akili.

Wasimamizi wanaopanga zamu wazingatie kwamba mwili husogea mbele kwa urahisi kuliko kurudi nyuma. Zamu za asubuhi zifuatwe na za alasiri, kisha za usiku, na si kinyume. Usiku mfululizo usiwe mwingi. Na mtu asitolewe usiku leo akatakiwa asubuhi kesho.

Anayetoka zamu asubuhi huku Isiolo ana adui wawili, jua na mabati. Ukipata mwanga mkali saa moja asubuhi, saa ya mwili huamini kwamba siku ndiyo inaanza. Ukiwa unatembea au umebebwa, vaa miwani ya jua au shusha kofia au shungi. Ukiwa unaendesha mwenyewe usifanye hivyo, kwa kuwa utasinzia. Ukifika nyumbani kula kidogo na ulale mara moja, kwa sababu kufikia saa sita mchana nyumba ya mabati itakuwa kama tanuri. Funika dirisha kwa leso mbili nzito au kwa blanketi. Kama joto linakuamsha saa sita, usijilaumu. Amka, kisha lala tena saa moja au saa moja na nusu jioni kabla ya kuripoti kazini. Watu wengi wa zamu huishi vizuri kwa kugawa usingizi hivyo.

Sehemu iliyobaki ni ya familia na majirani. Mama aliyekesha wodini hawezi kulala ikiwa watoto wanaachiwa waingie wakitaka uji na redio ya jirani iko juu. Hakuna anayegonga mlango wa mtu saa nane usiku kuomba chumvi. Kwa aliyekesha, saa nne asubuhi ndiyo saa nane yake.

Mwezi wa Ramadhani

Katika mwezi mtukufu, ratiba ya mji hugeuka. Futari, tarawehe, daku kabla ya alfajiri: usiku unakatwa vipande viwili au vitatu. Kufunga hakuvurugi usingizi kwa lazima. Kinachovuruga ni kukesha pamoja na kula chakula kizito usiku wa manane, kwa kuwa wakati wa kula nao hupanga saa ya ini. Wanaofunga vizuri bila kuchoka mno huwa wamelala mara tu baada ya tarawehe, wameamka daku, kisha wamelala kidogo mchana. Usingizi huo mfupi wa mchana, qailula, una asili katika Sunna, na sayansi haina ubishi nao: mwili huwa na mteremko mdogo wa usingizi kati ya saa saba na saa tisa mchana, hata kwa asiyefunga. Dakika 20 hadi 30 zinatosha.

Wanaokwenda Hija hawatahitaji kubadilisha saa zao. Makka na Isiolo ziko katika saa moja. Ndugu wanaotoka Minneapolis kuja kutusalimu ndio wenye shida, kwa maana kati yetu na wao pana saa nane au tisa kulingana na majira. Saa ya mwili husogea kwa takriban saa moja kwa siku, kwa hivyo mgeni anayesinzia kwenye karamu yake mwenyewe msimwone mwenye dharau.

Wanafunzi

Mtoto akibalehe, melatonini yake huanza kupanda saa moja hadi mbili baadaye kuliko zamani. Kijana wa kidato cha pili asiyesikia usingizi saa tatu usiku si mkaidi. Anapoamshwa saa kumi na nusu kwenda kusoma, mwili wake bado uko katikati ya usiku, na kitabu kilicho mbele yake hakiingii. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zinaweka muda wa kulala katika shule za bweni kuwa saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wazazi wana haki ya kuuliza katika mikutano ya shule kama kanuni hiyo inafuatwa.

Sasa kidonge

Melatonini inauzwa katika baadhi ya maduka ya dawa, na watu huitumia wakidhani haina madhara kwa kuwa ni kitu cha mwili wenyewe. Insulini nayo ni ya mwili wenyewe.

Kwa kuwa ni tangazo, saa ya kuimeza ni muhimu kuliko ukubwa wa kidonge. Ikimezwa jioni mapema huvuta saa ya mwili nyuma, yaani usingizi huja mapema. Ikimezwa alfajiri huisukuma mbele, na shida huzidi. Dozi kubwa haileti usingizi mkubwa. Mara nyingi huleta kichwa kizito na ndoto za ajabu asubuhi. Ubora nao ni suala. Watafiti wa Canada walipopima bidhaa 31 za melatonini mwaka wa 2017, walikuta nyingine zina pungufu ya asilimia 83 ya kilichoandikwa kwenye chupa, na nyingine zikizidi kwa asilimia 478. Baadhi zilikuwa na serotonini, kemikali nyingine kabisa.

Wapo wanaosaidiwa nayo kweli. Wa kwanza ni watu wasioona kabisa, hata mwanga. Wengi wao saa ya mwili hukosa cha kuirekebisha na huzunguka, wiki moja wanalala usiku, wiki nyingine mchana. Aliyeharibiwa kioo cha jicho na vikope lakini bado anatambua mchana na usiku huenda saa yake inafanya kazi, kwa hivyo apimwe kwanza. Wengine ni baadhi ya watoto wenye usonji, vijana ambao usingizi wao umechelewa kupita kiasi, na wasafiri wa mbali. Wote hao waanze kwa ushauri wa daktari. Mjamzito, anayenyonyesha, na anayetumia dawa za kifafa, za kisukari, za shinikizo la damu au za kuzuia damu kuganda asijipe mwenyewe.

Dawa nazo zinaweza kuwa chanzo. Atenololi na propranololi, zinazotumiwa kwa shinikizo la damu, hupunguza melatonini ya usiku kwa baadhi ya watu. Ukiona ulianza kukosa usingizi baada ya kuanzishiwa dawa, usiiache. Rudi kwa aliyekuandikia umweleze. Dawa kali za usingizi kama diazepamu si za kununuliwa bila cheti cha daktari, kwani huzoesha mwili.

Wakati wa kwenda hospitalini

Kupima kiwango cha melatonini kwa damu, mate au mkojo kunawezekana, lakini watu wengi hawahitaji kipimo hicho wala hawapaswi kukilipia. Daktari hupata zaidi kwa kukuuliza maswali. Mwone ikiwa umekosa usingizi angalau siku tatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, ikiwa unakoroma na kukatwa pumzi usingizini, ikiwa umewahi kusinzia ukiendesha hata mara moja, au ikiwa kukosa usingizi kumekuja na huzuni, woga au kumbukumbu za mashambulizi zinazokurudia usiku. Hilo la mwisho haliponi kwa kuzima taa, nalo lina matibabu yake. Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au mweleze mhudumu wa afya ya jamii anayekutembelea. Wanaohitaji uchunguzi zaidi huelekezwa katika hospitali za Garbatulla na Merti au hospitali ya rufaa mjini.

Kabla ya kwenda, chukua daftari la shule na uandike kwa wiki mbili: saa uliyolala, saa uliyoamka, mara ngapi ulishtuka usiku, chai, buna au miraa ya mwisho ilikuwa saa ngapi, simu uliiweka chini saa ngapi, na dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wa nyumbani. Mpe daktari daftari hilo kabla hajakuuliza lolote.